Maswali na majibu: dawa ya picha na chembe ndogo mno

Swali: Nilipopigwa picha ya CT ya tumbo nilichomwa dawa mkononi, mwili mzima ukapata joto ghafla. Ilikuwa dawa gani, na inatofautianaje na chembe za nano ninazozisikia? (Msomaji, Nyakato, Mwanza)

Jibu: Kwa kawaida dawa hiyo huwa na iodini, yaani madini joto yale yale yanayotiwa kwenye chumvi, ila yamefungwa ndani ya molekuli maalumu na kwa kiasi kikubwa zaidi. Iodini huzuia miale ya eksirei, ambayo CT hutumia kupiga picha, kuliko nyama ya mwili, kwa hiyo mishipa na viungo vyenye damu nyingi huonekana vyeupe. Lile joto ni la kawaida na hupita upesi. Molekuli hizo ni ndogo kiasi kwamba huvuja haraka kutoka kwenye mishipa na kuchujwa na figo, na mpiga picha hubaki na muda mfupi wa kufanya kazi yake. Chembe za nano, zenye kipenyo cha nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ni kubwa kuliko molekuli hizo, ingawa bado ni ndogo mno kando ya chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa nanomita zipatazo 7,000. Ukubwa ndio unaoamua safari yake mwilini: zilizo chini ya nanomita 6 hivi huweza kutoka na mkojo, na kubwa zaidi huzunguka kwenye damu mpaka zimezwe na seli za ulinzi za ini na wengu. Hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu. Chembe za oksidi ya chuma zikishamezwa na ini lenye afya, usumaku wake hulifanya lionekane jeusi kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ilhali uvimbe wa saratani, ambao mara nyingi hauna seli hizo, hubaki uking'aa kama taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku wa giza.

Swali: Figo za mama yangu ni dhaifu. Dawa hizi ni salama kwake? (Ukerewe)

Jibu: Kwanza apimwe kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja, na kama anatumia metfomini kwa ajili ya kisukari, mwambieni daktari mapema. Dawa iliyozoeleka ya MRI ina metali iitwayo gadolini, ambayo mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa nadra unaokakamaza ngozi kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Aina ambazo gadolini imefungwa kwa uthabiti zaidi zimepunguza sana hatari hiyo. Ferumoxytol, dawa ya chembe za oksidi ya chuma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, haitegemei figo kuondoka, na chuma chake huingia polepole katika akiba ya mwili, ndiyo maana wataalamu wa picha nao wakaitumia. Hata hivyo inahitaji uangalifu mkubwa: mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikaza onyo kuhusu mzio unaoweza kuua, kwa hiyo hutolewa taratibu kwa dripu, mgonjwa akiangaliwa kwa karibu.

Swali: Ni kweli dhahabu nayo hutumika? (Geita)

Jibu: Inafanyiwa utafiti. Atomi yake ina elektroni 79 dhidi ya 53 za iodini, hivyo huzuia eksirei vizuri zaidi, lakini ni ghali na chembe zake huweza kukaa kwenye ini kwa muda mrefu.

Swali: Kichocho kimeharibu ini langu. Nisafiri kutafuta kipimo cha chembe hizi? (Mvuvi, Sengerema)

Jibu: Hapana, ndugu yangu, usiuze nyavu zako kwa ajili hiyo. Makovu ya kichocho hufuata matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, na altrasaundi ya kawaida, isiyo na sindano yoyote, huyaonyesha pamoja na wengu uliovimba. Minyoo yenyewe hutibiwa kwa prazikwanteli. Ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu huenda mishipa ya umio imetanuka, nayo huchunguzwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni.