Wahadhiri wananikimbia

SWALI: Naongoza idara katika chuo kikuu. Wahadhiri 3 wameacha kazi mwaka huu, na waliobaki wakimaliza kipindi huwaoni tena. Uongozi unasema watumishi wa siku hizi hawana uaminifu kwa mwajiri, umeniagiza niandae semina ya kuwahamasisha. Itasaidia?

JIBU: Ndugu yangu, omba semina hiyo iahirishwe.

Kabla ya kustaafu nilikuwa ofisi ya utumishi ya chuo kikuu. Barua za kuacha kazi zilipitia mezani kwangu, nyingi zikitaja "sababu binafsi". Namkumbuka mhadhiri mmoja aliyeomba kupandishwa cheo, machapisho yote yanayotakiwa anayo. Akija kuulizia, kamati haijakaa. Akija tena, jalada liko kwa mkubwa fulani. Angeambiwa waziwazi kwamba amepungukiwa chapisho moja, naamini angeliandika. Kilichomkatisha tamaa ni kukosa jibu.

Mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen walitenganisha mambo 3 yanayomfunga mtu na mwajiri wake: anampenda, anajiona ana wajibu kwake, au anaona akiondoka atapata hasara. Hao wako wa kumaliza kipindi na kutoweka, nahisi wengi wanashikiliwa na hilo la tatu, yaani pensheni na mkopo wa benki. Usihesabu kubaki kwao kuwa ni uaminifu.

Tena mhadhiri si mtumishi wa mwajiri mmoja tu. Moyo wake uko pia kwenye taaluma yake, kwa wenzake wa fani waliotawanyika duniani. Mwanasosholojia Gouldner aliliandika hili tangu 1957. Chuo kikimpa nafasi ya kutafiti, anakipenda kwa sababu kinamkuza. Kikimjazia vipindi asubuhi hadi jioni, na usiku marundo ya mitihani ya kusahihisha, atakiona kizuizi, na hapo hakuna semina itakayomrudisha.

Mishahara huipangi wewe, lakini ratiba unaipanga. Mwachie kila mhadhiri siku moja ya wiki isiyo na kipindi. Fuatilia majalada ya vyeo, kila mwombaji umwandikie limefika wapi. Wa mikataba ya muda waambie mapema kama wataongezewa. Ni ukatili kumwacha mtu mwenye familia akisubiri hadi wiki ya mwisho. Na mafundi wa maabara uwahesabu humo humo, maana wao husahaulika kuliko wote.