Kabla Hujaenda Kujitolea Kituo cha Watoto Ng'ambo

Safari yangu ya kwanza ya misheni tulikwenda watu 12, kwa wiki mbili. Hatukumaliza robo saa kituoni, kitoto cha miaka mitatu hivi kikanipandia mapajani, kikalaza kichwa kifuani. Machozi yalinitoka. Nikajua Mungu ndiye aliyenileta. Jioni nikamsimulia mlezi wa zamu, mama mtu mzima. Wala hakutabasamu. "Mtoto anayemkimbilia kila mgeni," akasema, "ni mtoto asiyejua nani ni wake."

Nilichukia, nisikufiche. Miaka baadaye ndipo nikasoma habari za utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, kwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni. Ule wepesi wa kumkumbatia mtu wasiyemjua ulionekana huko pia, na watafiti wanauhesabu kuwa dalili ya malezi yenye pengo. Waliohamishiwa kwenye familia za malezi walipata nafuu, hasa waliofika huko kabla ya kutimiza miaka miwili. Yule mama hakuwa amesoma utafiti wowote. Alikuwa ameona wageni wakija na kuondoka, basi.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda, jua kwamba watoto si kazi yako. Walezi ndio kazi yako. Siku ya nne nilikabidhiwa rundo la mashuka yaliyokojolewa usiku, nikafua mpaka vidole vikakunjamana. Nilipoinua macho nikamwona yule mama amekaa kwenye ngazi, mtoto katikati ya magoti yake, anamchana nywele taratibu. Saa nzima. Saa hiyo haikuwa kwenye ratiba yake ya kila siku. Ilitoka kwenye beseni langu. Rekebisha bomba linalovuja, panga stoo, msaidie mhasibu na vitabu vyake. Kama una taaluma, wafundishe wafanyakazi ili ibaki hapo ukishaondoka.

Kabla ya kulipa nauli, kiulize kituo maswali. Kimesajiliwa? Kina sera ya ulinzi wa mtoto? Watoto wangapi wana mzazi aliye hai, na kituo kinafanya nini ili warudi nyumbani? Usishangae, wengi wanaoitwa yatima wana mzazi au ndugu. Umaskini ndio uliowaleta. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo inayosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kuna vituo vinavyokusanya watoto kwa sababu wageni wanakuja na pesa, na Australia ilishalijadili jambo hilo bungeni ilipokuwa ikitunga sheria yake ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2018. Kituo kisichokudai cheti cha polisi wala barua ya mchungaji, kikakuachia watoto siku hiyohiyo uliyofika, kimbia. Kama umeingia wewe kirahisi hivyo, mwingine ameingiaje?

Mambo ya viza na chanjo usiyaache mpaka wiki ya mwisho. Nchi nyingi haziruhusu kujitolea kwa viza ya utalii, na cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano.

Zawadi mpe msimamizi, usimpe mtoto mmoja kwa siri. Usikae na mtoto faragha, hata kwa maombi. Picha, hapana. Najua kanisani watataka kuona. Wapelekee picha ya ukuta mliopaka rangi.

Na usiseme "nitarudi" kama huna tarehe. Mwenzetu mmoja alisema hivyo kwa msichana wa miaka 11 au 12, naye akajibu kwa adabu kabisa, "Wote husema." Kisha akaendelea kukunja nguo zake.

Mimi nilirudi baada ya miaka miwili, kundi dogo zaidi, watu watatu. Yule mtoto wa mapajani alikuwa mlangoni. Aliponiona akajificha nyuma ya gauni la mlezi, akabaki ananichungulia kwa jicho moja. Sijawahi kufurahi hivyo kukataliwa. Nikampungia kwa mbali, nikaenda kuuliza mashuka yako wapi.