Mgeni Alale: Ushauri kwa Halmashauri Yenye Mji wa Kale

Ajenda ya utalii ikifika mezani kwenye kikao cha halmashauri, swali la kwanza huwa lilelile: tufanyeje ili watu wengi zaidi waje? Nimekaa kwenye kamati ya utalii kama mwakilishi wa wananchi, na kabla ya hapo nilikuwa nikitembeza wageni kwa kujitolea katika mji wa kale. Kila nikilisikia swali hilo natamani liulizwe lingine: wanaokuja wanakaa muda gani? Mgeni anayeshuka kwenye basi, akapiga picha mbele ya lango kuu na kuondoka baada ya saa moja, hununua chupa ya maji na kuacha chupa tupu. Anayelala hula jioni na asubuhi, huzungumza na mwenye nyumba ya wageni, huingia kwenye vichochoro ambavyo havimo katika ramani, na fedha yake hufika kwa watu ambao hawajawahi kuliona basi la watalii.

Venice, mji wa kale wa Italia, imelijua hilo kwa uchungu. Tangu mwaka 2024 mji huo huwatoza wageni wa kutwa kiingilio, kuanzia euro 5, katika siku zenye msongamano. Anayelala humo hatozwi, kwa kuwa tayari amelipa kodi ya malazi. Miji mingi haina umati wa namna hiyo na pengine haitaupata kamwe, lakini hesabu ni ileile hata kwenye mji mdogo. Mgeni mmoja wa siku mbili ana faida kuliko wengi wa kupita.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha kipeperushi hata kimoja, madiwani na watendaji wautembee mji wao kwa miguu. Watoke kituoni au bandarini hadi kwenye jengo maarufu kuliko yote, wakiwa na mzee mmoja na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Waandike kila mahali waliposimama kwa shida. Orodha hiyo itawafaa kuliko mkakati wa kurasa mia ulioandikwa na mtaalamu aliyekuja kwa siku tatu.

Na juu kabisa ya orodha hiyo kutakuwa na choo. Katika kutembeza wageni, hakuna kilichokatisha ziara zangu kama choo, hata mvua haikufikia. Mgeni mtu mzima huanza kutazama huku na huku, anauliza kwa sauti ya chini, anaambiwa cha karibu kimefungwa, basi anaaga na kurudi hotelini. Mwenzake humfuata. Saa mbili ambazo wangezitumia madukani na kwenye makumbusho zimepotea, na hakuna takwimu ya halmashauri itakayozionyesha. Choo safi, chenye maji na taa, kilicho wazi hadi usiku na chenye mhudumu anayelipwa mshahara wake kwa wakati, ni uwekezaji wa utalii kamili. Baada yake ndipo yaje mabenchi, kivuli, maji ya kunywa na mapipa ya taka yanayomwagwa kabla hayajafurika. Vitu hivi havina mvuto wa kukatiwa utepe, na nadhani ndiyo maana huachwa nyuma.

Vibao vya historia ni jambo la gharama ndogo, ila vinataka nidhamu. London ilianza mpango wake wa vibao vya ukutani mwaka 1866, na hadi leo kibao kimoja hubeba maneno machache: nani, lini, alifanya nini hapa. Msiandike insha ukutani. Maandishi yasomwe kwanza na wazee wa mtaa husika, maana kosa la jina au mwaka likishawekwa kwenye jiwe hurudiwa na kila mwongozaji atakayepita.

Nikitaja waongozaji, hapa nina maneno zaidi. Halmashauri nyingi huwaona vijana wanaowafuata wageni kituoni kama kero, na jawabu lao huwa ni kutuma askari. Nimefanya kazi kando ya vijana hao. Wanajua kichochoro gani kinatokea wapi, nyumba ipi ina mlango wa kuchongwa uliofichika uani, na nani ana ufunguo wa mnara. Wanachokosa ni historia iliyothibitishwa, lugha, na adabu ya kumwacha mgeni aliyesema hapana. Vyote hivyo hufundishika. Halmashauri iandae mafunzo ya msimu mmoja, mtihani wa kutembea mitaani badala ya kuandika darasani tu, kitambulisho chenye picha, na ada ambayo kijana asiye na kazi anaweza kuimudu. Ada ikiwa kubwa, mtakuwa mmewafungia nje walewale mliotaka kuwaingiza. Upo pia mfano wa kujitolea: jijini York, Uingereza, chama cha waongozaji wa hiari kimekuwa kikiwatembeza wageni bila malipo tangu mwaka 1951. Ziara ya aina hiyo siku ya kwanza humfanya mgeni ajue kwamba mji una mengi kuliko alivyodhani, na hapo ndipo huamua kuongeza usiku.

Usiku wenyewe usisahaulike. Ni ajabu ilivyo kawaida kwa makumbusho kufungwa saa kumi na nusu, wakati jua linapoanza kupoa na watu wanapotaka kutoka. Hoi An, mji wa kale wa Vietnam ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, hufunga mitaa yake ya kale kwa magari na pikipiki kwa saa maalumu, na kila mwezi kwa kalenda ya mwezi mwandamo kuna usiku wa taa za karatasi na hariri. Huwezi kuliona jambo hilo ukiwa na basi linalokusubiri mchana. Hamhitaji kuiga taa zao. Mnahitaji sababu ya kwenu ya kumfanya mtu awepo baada ya magharibi, na mitaa iliyoangaziwa kiasi cha mwanamke kutembea peke yake bila hofu.

Sasa majengo, ambayo ndiyo sababu ya safari nzima. Kuta za kale nyingi zilijengwa kwa mawe au matofali na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta hunyonya maji wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, plasta hupasuka na kubanduka, na jiwe lililo nyuma yake huanza kumung'unyika. Mwenye nyumba hafanyi hivyo kwa ubaya. Fundi wa saruji yupo kila kona na kazi yake huisha haraka, ilhali chokaa hutaka kuzimwa kwa maji, kusubiriwa, na kupakwa tabaka kwa tabaka. Juu ya hayo, kibali cha ukarabati huchukua miezi, hivyo mtu huamua kufanya kazi Jumapili kimyakimya au kuiacha nyumba ianguke. Nimeona yote mawili, na nyumba iliyoachwa huniuma zaidi.

Dawa iko mikononi mwa halmashauri. Iwe na kijitabu chenye michoro kinachoeleza kipi kinaruhusiwa, kwa lugha anayoielewa mwenye nyumba. Iwe na afisa mmoja anayekuja kuitazama nyumba kabla maombi hayajawasilishwa. Iweke tarehe ya mwisho ya kujibu, na atakayekarabati kwa chokaa asamehewe ada ya kibali. Mafundi wazee wapewe wanafunzi na walipwe kwa kufundisha. Kuchelewa kuna bei yake: tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib kule Zanzibar iliporomoka, huku ukarabati wa jengo hilo ukiwa umekwishaanza, na watu wawili walifariki. Na kuharakisha maendeleo bila kusikiliza kuna bei nyingine. Dresden, Ujerumani, iliondolewa kwenye orodha hiyo ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya juu ya mto Elbe, na Liverpool, Uingereza, mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi kwenye eneo lake la bandari.

Mji wa kale usio na wakazi hauna cha kumshikilia mgeni. Wakazi wa mji wa kale wa Venice walikuwa takriban 175,000 mwaka 1951. Leo hawafiki 50,000. Nyumba zikigeuzwa zote kuwa za kupangisha wageni, fundi cherehani huhama, shule hufungwa, na kinachobaki ni maduka yanayouza bidhaa zilezile. Halmashauri iweke kikomo mapema, kwa sheria ndogo, mtaa kwa mtaa, kabla tatizo halijawa kubwa. Na iwakumbuke wenyeji kwa vitendo: York huwa na wikiendi maalumu ambapo wakazi huingia kwenye vivutio vingi bila kulipa. Mtoto aliyeingia kwenye makumbusho ya kwao anaweza kumwelekeza mgeni kwa fahari.

Kuhusu tamasha nitasema kidogo tu: chagueni moja, liwe la jambo ambalo mji tayari unalo, na liwekwe wakati wageni ni wachache. Hay-on-Wye, mji mdogo wa Wales, ulikuwa unajulikana kwa maduka ya vitabu vilivyotumika kabla tamasha lake la fasihi halijaanza mwaka 1988.

Fedha ndiyo huharibu nia njema. Ushuru wa malazi ukiingia kwenye mfuko mkuu, hulipia mafuta ya magari na posho, na wenye nyumba za wageni huanza kuficha idadi ya wageni wao. Scotland ilipitisha sheria mwaka 2024 inayoziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa malazi, kwa sharti kwamba zishauriane kwanza na watu wa eneo hilo, na kwamba mapato yatumike kwa huduma zinazotumiwa na wageni. Wekeni sharti kama hilo kwenye sheria yenu ndogo, pamoja na akaunti yake peke yake.

Kisha mpime. Acheni kujivunia idadi ya waliopita getini. Hesabuni usiku waliolala, muulize vyoo vingapi vilikuwa wazi mwezi mzima, vibali vingapi vilijibiwa kwa wakati, na familia ngapi zimehama kutoka mji wa kale mwaka huo. Ripoti hiyo iwe ya ukurasa mmoja, isomwe kabla bajeti haijapitishwa, na nakala yake ibandikwe pale wakazi wanapokwenda kulipia kodi ya majengo.