Kabla hujahangaika na nano, pima mafuta yako ya mbono

Tangu watu wajue natengeneza biodizeli ya mashine ya kusaga hapa Mikindani, kila anayenitafuta anauliza kitu kimoja, hicho kichocheo cha nano, yaani unga wa chembe ndogo mno unaoharakisha mafuta na methano (methanoli, aina ya aikoholi) kugeuka biodizeli, nakipata wapi. Ntakijibu, ila kwanza tuongee mafuta, maana hapo ndo watu wengi wanapokwama.

Mbono kaburi tunao, umezunguka nyumba zetu kama uzio, mbegu zake zina mafuta kama asilimia 30 mpaka 40 na mbuzi hali kwa sababu ni sumu, kwa hiyo hugombanii na chakula cha mtu. Shida ni kwamba mbegu zikikaa kwenye unyevu, na pwani yetu unaijua, mafuta yanapanda asidi haraka sana. Asidi ikizidi kama asilimia 2 kichocheo chochote cha alkali, kiwe cha nano au kostiki soda ya kawaida, kitaishia kutengeneza sabuni. Kwa hiyo pima. Chukua mililita 1 ya mafuta, weka kwenye mililita 10 za aikoholi ya isopropili na matone machache ya fenoftalini (kimiminika cha kupimia kinachobadili rangi), alafu dondoshea kostiki uliyoyeyusha gramu 1 kwa lita ya maji mpaka rangi ya pinki ibaki. Ukipita mililita 3 za hiyo kostiki, hayo mafuta yanatakiwa yapitishwe kwanza kwenye methano na asidi ya salfuriki kali, na tafadhali sio asidi ya betri, ile ina maji na maji ni adui hapa. Au anika mbegu vizuri, kamua mapema, utaokoa hela nyingi.

Na mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua mikono ya wabanguaji? Najua yapo tele huku kwetu lakini hayafai kwa njia hii, yale ni fenoli, hayana muundo wa mafuta ya mbegu kabisa, usipoteze methano yako.

Haya sasa kichocheo. Kinachonifurahisha ni kwamba malighafi iko ufukweni, magamba ya chaza na makome ambayo kina mama wakishatoa nyama wanayatupa. Magamba ni kalsiamu kaboneti, ukiyachoma kwenye nyuzi joto 800 mpaka 900 hivi yanatoa kaboni dayoksaidi inabaki chokaa hai, na hiyo ndo kichocheo chenyewe. Ndo kazi ileile ya tanuu la chokaa la wazee, ila matumbawe naomba tuyaache baharini, samaki wetu wanazaliana pale. Ukishachoma saga, loweka kwenye maji (ina joto kali, vaa miwani), kausha, choma tena, chembe zinazidi kuwa ndogo na chembe ikiwa ndogo eneo la kugusana na mafuta linakuwa kubwa, kazi inaenda haraka alafu unakichuja unakitumia tena, kitu ambacho kostiki haikupi. Ila nano maana yake chini ya nanomita 100, na hiyo inaonekana kwa hadubini ya elektroni tu, so kama hujapeleka maabara usimuuzie mtu kwa jina hilo. Kifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa, kikinyonya unyevu na hewa kinalala, itabidi ukichome upya.

Ukitumia hii chokaa, methano inaenda molekuli 9 mpaka 12 kwa moja ya mafuta, joto nyuzi 60 lisizidi 64 maana methano inachemka hapo, koroga saa kadhaa. Methano sio spiriti ya mchezo jamani, inapofusha, inaua, na moto wake mchana hauonekani. Fanyia nje, watoto wawe mbali.

Ikitulia gliserini inazama chini, unaitoa. Biodizeli usiimimine kwenye injini hivyohivyo, kalsiamu kidogo huwa inabaki ndani na inaziba noseli, ioshe, ikaushe, ichuje. Alafu chukua mililita 3 ya biodizeli weka kwenye mililita 27 za methano safi, tikisa, acha itulie. Ukiona mafuta yamekaa chini bado haijaiva, ipashe tena joto lilelile la nyuzi 60 na methano kidogo na kichocheo. Ikiwa angavu yote, anza na lita 20 kwa lita 80 za dizeli ya kawaida uangalie filta.