Barua za fildi hazijibiwi: mwanafunzi wa uhasibu afanyeje?

Swali: Nasoma shahada ya uhasibu, mwaka wa pili, hapa Mtwara. Mwezi Juni nilipeleka barua za kuomba fildi kwenye ofisi kadhaa, zote kimya. Alama zangu ni nzuri. Nifanye nini nipate fildi mwakani, na baadaye ajira?

Jibu: Ndugu yangu, alama nzuri wanazo wengi. Bosi wa uhasibu anataka kujua kama ukikabidhiwa hesabu zitafunga. Mpelekee kazi uliyoifanya tayari, na huku kusini mada ya kazi hiyo ni korosho.

Tengeneza faili la Ekseli la malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima kinachokusanya na kuuza mazao yao) ya kubuni, lenye wakulima 200 wa kubuni. Usichukue majina wala akaunti za watu halisi. Liwe na karatasi tatu: rejista ya wakulima, mapokezi ghalani (tarehe, namba ya stakabadhi, daraja, kilo), na malipo baada ya mnada ambako korosho huuzwa. Kila mnada una bei yake, kwa hiyo mkulima aliyepeleka mzigo mara tatu anaweza kulipwa kwa bei tatu. Kosa kubwa ni kuzidisha kilo zake zote kwa bei moja. Tumia SUMIFS, fomula ya Ekseli ya kujumlisha kwa masharti, kujumlisha kilo za kila mkulima kwa kila mnada, ndipo utoe makato. Tuseme bei ni Sh 3,000 na makato ni Sh 200 kwa kilo: kilo 1,240 zinaleta Sh 3,720,000, makato Sh 248,000, mkulima anapokea Sh 3,472,000.

Kisha weka ulinganisho wa kilo za AMCOS na za ghala kuu. Hazilingani kila mara, kwa sababu korosho yenye unyevu hupungua uzito ikikauka, na mizani nazo hupishana. Tofauti iwe na safu yake pamoja na sababu. Usiizibe kwa kubadili tarakimu. Mkaguzi hutafuta hapo hapo. Safu ya akaunti za benki ipange kuwa maandishi kabla hujaanza kuchapa, la sivyo Ekseli itafuta sifuri ya mwanzo, na namba ya tarakimu 13 itaonekana kama 1.5E+12. Malipo ya namna hiyo hayamfikii mkulima, naye ana ada ya mtoto ya kulipa.

Chapisha muhtasari wa ukurasa mmoja, uambatanishe na barua.

Juni umechelewa. Peleka barua Machi au Aprili, maana kuelekea minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, vyama vina kazi nyingi na nafasi zinakuwa zimeshagawiwa. Jaribu vyama vikuu vya ushirika: MAMCU na TANECU, au upande wa Lindi, RUNALI na Lindi Mwambao. Pia bandari, kiwanda cha saruji cha Dangote na halmashauri. Barua ya halmashauri iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taja tarehe za kuanza na kumaliza, na kitengo unachoomba. Wiki mbili zikipita rudi na nakala hiyo. Bila nakala, hata karani mwenye nia njema atahangaika kuitafuta.

Ukipata nafasi, andika kazi zako kila siku kwa idadi. "Nilisaidia uhasibu" haimwambii mtu chochote. "Nilioanisha hati 340 za malipo na taarifa ya benki, nikabaini tofauti 11" itakupatia usaili, mradi iwe kweli na msimamizi wako aweze kuithibitisha. Muombe barua ya kuthibitisha kazi hizo kabla hujaondoka, kwani watumishi huhamishwa.

Kwa ajira, anza mapema mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Fungua akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ukiwa na namba ya NIDA, na uangalie pia nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu (internship) za TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Linganisha majina ya NIDA, cheti cha kidato cha nne na cha chuo herufi kwa herufi. Yakipishana, anza kuyarekebisha ukiwa bado chuoni, maana matangazo ya kazi huwa na siku chache tu za kuomba.