Malizia hiyo kitabu bana
We ndugu unauliza kama umalizie The Martian ya Andy Weir juu eti jamaa anaandika kama kijana wa form two, mi nakwambia malizia. Ni ukweli uandishi unakwaruza, watu karibu wote mle wana utani ule ule, ukitoa majina huwezi jua nani anasema nini, na kuna kurasa za hesabu nilizirukaruka kwa matatu kutoka Nakuru hadi Kericho. Lakini alikuwa programa tu, hiyo ndio yake ya kwanza kuchapishwa, alikuwa anaweka sura moja moja bure kwa tovuti yake na wasomaji wanamsahihisha kemia, halafu baadaye akaiweka Kindle, pale Amazon wanauza vitabu vya kusoma kwa simu, kwa senti 99 za Marekani.

Mahali alinibamba ni viazi. Mi nimelelewa Molo, viazi navijua. Watney, yule mwanaanga ameachwa peke yake Mars, anachukua mavi yake na ya wenzake anachanganya na udongo wa Mars, anakata viazi vipande, kila kipande lazima kiwe na macho, yaani shosho yangu kabisaa, tofauti tu shosho alikuwa anatumia samadi ya ng'ombe. Maji anatengeneza na haidrazini, mafuta ya roketi, na inamlipukia usoni. Hapo sentensi ikichechemea sijali hata.

Kitu nilikataa ni ile dhoruba ya mwanzo, ile inatishia kuangusha chombo chao hadi wenzake wanaondoka wakimwacha. Presha ya hewa ya Mars haifiki hata asilimia 1 ya yetu, upepo wake hauwezi kuangusha chombo, na Weir mwenyewe amekubali alijua hivyo akaiweka tu. Hiyo ndio ungelalamikia, si sarufi.