Kabla hujachagua kusomea sheria: maswali yenu

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, barua nyingi mnazoniandikia zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nisomee sheria au nisisomee? Nimechagua sita. Nyingine zinafanana na hizi, kwa hiyo huenda jibu lako limo ndani ya jibu la mwenzako.

Wakili, hujambo? Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Walimu na majirani wote wanasema nisomee sheria kwa kuwa napenda kubishana na sishindwi kwa maneno. Ningependa kujua wewe mwenyewe ulifuata nini huko. — Msichana wa Kayole

Sijambo, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu.

Miaka ya tisini tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kariobangi, kodi shilingi 800 kwa mwezi. Mama aliuza mboga. Akaugua, kodi ikachelewa miezi miwili, na jioni moja mwenye nyumba akaleta karatasi ya Kiingereza. Mama akanipa nimsomee kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa shuleni, darasa la saba. Niliyasoma maneno yote bila kukwama. Lakini aliponiuliza, "Sasa tufanye nini?" sikuwa na la kumwambia. Siku mbili baadaye walikuja vijana wawili wakang'oa mlango, wakabeba kitanda na stovu. Usiku ule mama alitundika leso pale mlangoni, akaketi nyuma yake hadi kukapambazuka, sisi watoto tumelala sakafuni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa sheria pale Parklands, nilifungua sheria inayodhibiti kodi za nyumba. Imeandikwa kwamba kwa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji wala kushika mali yake mpaka aende kwanza kwenye baraza la kodi apewe ruhusa. Sheria hiyo ilikuwapo tangu kabla sijazaliwa. Ilikuwapo usiku ule mama ameketi nyuma ya leso. Nililia mle maktabani, wala sioni haya kulisema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuata jambo moja: kuifikisha sheria iliyo kitabuni kwa mtu aliyeketi mlangoni.

Sasa turudi kwako. Kupenda kubishana si kosa, ila si sababu ya kutosha. Kazi hii ni kusoma zaidi kuliko kusema, na kusikiliza zaidi kuliko kusoma. Mteja anaanza hadithi katikati, anaruka mwanzo, anaficha jambo linalomtia aibu, na mara nyingi jambo hilo alilolificha ndilo kesi yenyewe. Anayesubiri tu zamu yake ya kujibu hataliona.

Nina ombi moja kwako, nalo ni la nauli tu. Nenda mahakama ya Makadara, ukae kwenye benchi la nyuma siku tatu. Kesi nyingi husikizwa hadharani na hakuna anayelipishwa kuingia. Vaa nadhifu, zima simu, inuka hakimu anapoingia. Utaona karani akiita majina haraka haraka. Utaona mtu akisomewa mashtaka naye anaitikia kwa kichwa kwa hofu tu, hajaelewa alichoulizwa. Utaona kesi ikiahirishwa kwa mara ya tano kwa kuwa shahidi hakufika, na mama aliyekuja kwa miguu akirudi kwa miguu. Utaona pia kwamba wakili hodari ni nadra apaze sauti. Siku ya tatu ikiisha, jiulize kama unataka kurudi. Nitaliamini jibu hilo kuliko ushauri wa majirani.

Nilipata B, lakini Kiingereza nilipata B-. Kiswahili nina B+. Rafiki zangu wananiambia nisahau sheria. Ni kweli? — Kijana wa Githurai

Usisahau. Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ya sheria ni wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo "au" limewaponyoka wengi, na linaniuma ninapoona vijana wanaokijua Kiswahili barabara wakikata tamaa bure. Ila fahamu kwamba hicho ni kiwango cha chini tu. Vyuo vya umma hupata maombi mengi kuliko nafasi, na ushindani unaweza kupandisha alama zinazotakiwa. Kingine ni kwamba masomo yenyewe, hukumu na karatasi za mahakamani karibu zote ni za Kiingereza, kwa hiyo itabidi ukinoe.

Njia yenyewe ni hii: miaka minne ya shahada, kisha Kenya School of Law kule Karen, ambako utafanya mitihani ya masomo tisa chini ya Baraza la Elimu ya Sheria. Wengi hurudia somo moja au mawili, usishtuke. Kuna pia miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili aliyefanya kazi si chini ya miaka mitano. Ndipo unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kutia sahihi katika orodha ya mawakili. Hesabu karibu miaka sita, na zaidi ikiwa chuo kitafungwa au ada itachelewa.

Kwa wale wanaoingia kwa diploma au kwa alama za chini wakitarajia kupanda ngazi: masharti ya Kenya School of Law yamepelekwa mahakamani mara nyingi. Wapo waliomaliza shahada nzima ndipo wakazuiwa mlangoni. Kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza chuoni, iandikie shule hiyo, eleza alama zako zote, na uitunze barua watakayokujibu.

Mimi ni mwoga wa kusimama mbele za watu. Je, niache ndoto hii?

Hapana. Wako mawakili ambao mwaka mzima hawakanyagi kortini. Wanaandika mikataba, wanahamisha hati za ardhi, wanashughulikia mirathi, wanashauri kampuni, wanatunga sheria bungeni na katika kaunti. Woga wa jukwaa huisha kwa mazoezi. Uvivu wa kusoma ndio nisiojua dawa yake.

Wakili, salamu. Binti yangu anataka sheria lakini moyo wangu unakataa. Mawakili wanasema uongo, wanatetea wezi na wauaji, halafu wengine wanakula pesa za wateja. Tena kazi yenyewe ni ya hatari. Nimwambie nini? — Mama wa Umoja

Mama, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Nitaanza na lile linalokuuma zaidi.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ana haki ya kuchagua wakili. Ukisikia hivyo unamfikiria mwizi. Mimi namfikiria kijana mmoja niliyemwakilisha, aliyeshtakiwa kwa kunyang'anya simu. Dhamana ilikuwa ndogo kwa mtu mwenye mshahara, lakini nyumbani kwao haikupatikana, akakaa rumande miezi saba. Mlalamishi alipofika hatimaye na kumtazama vizuri, alisema, "Huyu siye." Miezi saba, mama. Bila mtu wa kuuliza maswali, huenda angefungwa.

Kutetea si kudanganya. Wakili haruhusiwi kuipotosha mahakama. Mteja akiniambia amefanya tendo, siwezi kumsimamisha kizimbani aape kwamba hakulifanya. Ninachoweza ni kuudai upande wa mashtaka uthibitishe kesi yake, na akipatikana na hatia, kuomba adhabu inayolingana na kosa. Serikali ikizoea kufunga watu bila kuthibitisha, haitaishia kwa wezi.

Nchi hii inalijua hilo. Barabara ya Argwings Kodhek pale Hurlingham imepewa jina la Mwafrika wa kwanza kuwa wakili Kenya. Miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, aliwatetea watu walioshtakiwa kuwa Mau Mau, siku ambazo kosa la kupatikana na risasi liliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Wateja wake waliitwa majina mabaya kuliko hayo uliyoyataja. Leo tunawaita mashujaa.

Kuhusu pesa za wateja, sitakuficha. Wapo mawakili waliopokea fidia ya mjane aliyepoteza mume ajalini wakaila. Hunitia uchungu kila nisikiapo. Iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na iko mahakama ya nidhamu, na wapo waliofutwa katika orodha. Ukimlea binti yako asiguse kisichokuwa chake, utakuwa umemfundisha sehemu ya kazi ambayo hakuna chuo kitakachoweza.

Na hatari? Ipo. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko, wakauawa, maiti zao zikatupwa mtoni. Kesi aliyokuwa akiishughulikia ilimhusu polisi. Mawakili nchi nzima walisusia kazi na kuandamana, na waliohusika, wakiwamo maafisa wa polisi, walihukumiwa baada ya miaka mingi kortini. Siwezi kukuapia kwamba binti yako hatakutana na vitisho. Wengi wetu hatukutani navyo. Lakini akikuambia anaijua habari hiyo na bado anataka, basi mwamini kwamba ametafakari.

Je, kuna pesa? Niambie ukweli. Na je, kompyuta zitatumaliza? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Parklands

Zipo, lakini huchelewa. Wakati wa uanagenzi kuna ofisi zinazolipa vizuri, zipo zinazotoa nauli tu, na zipo zisizotoa kitu. Hilo la mwisho nalipinga kila ninapopata nafasi: mtu mzima anayefika saa moja asubuhi na kubeba faili hadi mahakama za Milimani anastahili angalau kula. Ukiapishwa, kila mwaka utalipia cheti cha kukuruhusu kufanya kazi, na utahudhuria mafunzo ili upate alama zinazotakiwa. Ukifungua ofisi yako kuna kodi, karani na wateja wanaoahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Wanaopata fedha nyingi mapema ni wachache, wengi wao katika ofisi kubwa zinazohudumia benki na kampuni, nao hulipia kwa usiku na wikendi zao. Walio katikati, kama mimi, huanza kupumua baada ya miaka mitano hadi minane. Kama kuna mdogo wako anayengoja ulipie karo mara tu ukihitimu, iambie familia mapema kuhusu ile miaka ya Karen na uanagenzi. Nimeona nyumba zikifarakana kwa sababu ya miaka ambayo hakuna aliyewaeleza. Iulize pia HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kuhusu mkopo wa Kenya School of Law, kwa sababu ada ya huko imewasimamisha wengi waliokuwa wamefika mbali.

Uliuliza tena kama kompyuta zitatumaliza. Kazi inabadilika, ndiyo. Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi zinafunguliwa kwa mtandao. Mahakama ya madai madogo iliyoanza Milimani mwaka 2021 inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mimi nafurahi. Mwenye kibanda anayedai 40,000 hakuwa akipata wakili hata zamani. Wewe jifunze vifaa hivyo, na kila hukumu ya zamani utakayoletewa na mashine, ifungue uisome mwenyewe kabla ya kuitaja mbele ya jaji.

Nina umri wa miaka 41. Ni karani katika ofisi ya mawakili mjini kwa miaka kumi na minne. Mwaka 2002 nilipata C+ na Kiswahili B, lakini baba alifariki na sikuendelea. Cheti changu kiliungua nyumba ilipowaka moto. Mawakili wadogo wanakuja, nawaelekeza, kisha wananipita. Nimechelewa? — Karani wa Tom Mboya

Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara mbili. Nilipokuwa mwanagenzi, karani mmoja wa makamo ndiye aliyenionyesha mahali pa kulipia, dirisha la kuulizia faili na namna ya kumsemesha msajili. Sikumshukuru vya kutosha, basi nakushukuru wewe kwa niaba ya wote uliowaelekeza.

Hujachelewa. Kwa alama hizo unafikia kiwango, na hakuna sheria inayoweka umri wa mwisho. Viko vyuo hapa mjini vyenye masomo ya jioni. Ukimaliza kila kitu utakuwa na miaka 47 au 48, na ulichojifunza katika hiyo miaka kumi na minne hakuna mwanafunzi wa miaka 20 atakayekuwa nacho. Ikiwa miaka sita ni mingi kwa mfuko wako, Kenya School of Law ina diploma ya wasaidizi wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua watu hao. Wanahitajika sana Mukuru, Kibera na Mathare, ambako mtu hukamatwa Ijumaa usiku bila kujua kwamba anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa wikendi imeingilia kati.

Zungumza na mwajiri wako kabla hujajisajili, kwa sababu utahitaji kutoka saa kumi na moja kamili. Na kuhusu cheti kilichoungua: baraza la mitihani, KNEC, hutoa hati ya kuthibitisha matokeo. Utahitaji namba yako ya mtihani na taarifa ya polisi ya kupotelewa. Usipoikumbuka namba, shule yako ya zamani huwa inayo kwenye daftari. Anza na hiyo Jumatatu.